Kipimo cha Manjano na Mfereji wa Mama

Mama hakuwa mtu wa kulalama. Jino likimuuma alikuwa akitafuna karafuu na kunyamaza, na mgeni akija hatajua kwamba ana mgonjwa mbele yake. Kwa hivyo Jumapili ile aliponiita kutoka bafuni kwa sauti iliyopanda, niliacha chai yangu mezani nikakimbia.

Nilimkuta amekaa juu ya kibao chake cha kutawadhia, mguu mmoja umerowa, mkono ameukumbatia kifuani.

"Mwanangu, mfereji huu wanitafuna," akasema.

Nilicheka, nakiri. Nikaushika mfereji ule wa chuma wa ukutani kwa ncha za vidole, na ndara zangu za mpira miguuni, nisihisi kitu. Nikamwambia labda ni baridi yabisi ya mkono. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni nilipovunja sahani nikasema ni paka.

"Mimi sikuvaa ndara," akasema.

Kwa ubishi nikavua zangu, nikakanyaga sakafu iliyorowa, nikashika tena. Kitu kikaniuma kutoka kidoleni mpaka begani, nikaruka nyuma nikajigonga kichwa ukutani. Hapo akacheka yeye. Mimi sikucheka tena kwa muda mrefu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Tulikuwa tukiishi wawili tu, mimi na mama, katika nyumba ya marehemu babu, Mji wa Kale, mtaa ambao nyumba zimeegemeana hata jirani akipiga chafya unamwombea rehema bila kunyanyuka kitini. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo Kilindini. Siku nzima nilikuwa nikinakili nambari: za makontena, za uzito, za stakabadhi. Kazi ile ilinitia imani moja ya kijinga, kwamba jambo likishapata nambari yake limekwisha. Mama naye alikuwa na maradhi ya moyo. Daktari alisema umepanuka kuliko inavyofaa, akampa vidonge vya asubuhi na jioni, akanivuta kando na kunionya asishtuliwe. Alikuwa na maana ya habari mbaya, si umeme, lakini tangu Jumapili ile onyo lake lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nilimnunulia ndara za mpira. Alizivaa, akashukuru, na alipofika miguuni akazivua, kwa sababu mguu hautawadhwi ndani ya kiatu. Nikamletea mitalawanda ya mti mkavu, ile ya kuingilia bafuni. Ikawa yale yale. Nikamwambia atumie ndoo na kopo. Akaniuliza ndoo itajazwa na nini, na atainamaje kwa magoti yake mabovu. Basi mara tano kwa siku mwanamke mwenye moyo mbovu alikuwa akiweka mguu mtupu kwenye maji na mkono mtupu kwenye chuma, na mimi nikisimama nje ya mlango nikisubiri kusikia anaanguka.

Nilikuwa na bisibisi ya kupimia, ile yenye taa ndogo ndani ya mpini. Nikaigusisha mfereji, ikawaka. Nikaigusisha msumari wa taulo, ikawaka. Nikaigusisha ukuta penye unyevu, ikawaka kidogo. Ilikuwa ikiitikia kila kitu, kama mkwe mpya. Nikamleta fundi kutoka Tudor. Alifungua swichi mbili, akazifunga, akasema nyumba ni kuukuu. Nikamwambia hilo nalijua, nimezaliwa humo.

"Basi nunua kipimo cha namba, ndugu yangu," akasema akikusanya vyombo vyake. "Bisibisi haijui kuhesabu."

Neno hilo liliniingia. Nambari! Nilijiona mjinga kutofikiri mwenyewe.

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa nyuma ya Barabara ya Digo. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi aliyefunga miwani yake kwa uzi. Aliniwekea vipimo vitatu juu ya kioo cha kabati, akarudi nyuma hatua moja, akanyamaza kama mtu anayetazama bao.

Cha kwanza kilikuwa cha mshale, kikubwa, na uso wenye mistari myembamba iliyopindana. Cha pili kilikuwa cha namba, rangi ya manjano, kinaingia kiganjani, na gurudumu katikati lililozungukwa na alama nyingi kuliko nilizozijua. Cha tatu kilikuwa cha namba pia, kizito, kimevishwa mpira mnene, nyaya zake nono, na ukigusanisha ncha zake kilikuwa kikilia. Bei ya hicho ilikuwa karibu ya nusu ya mshahara wangu. Nilikishika, nikakilaza taratibu nilipokitoa.

"Hiki cha mshale kinataka jicho," mzee akasema. "Hivi vya namba vinataka akili. Wewe unataka kupima nini?"

"Mfereji," nikasema.

Akainua miwani. "Mfereji wa maji?"

Nikamweleza. Hakucheka, na kwa hilo nilimpenda. Alichukua kile cha manjano, akafungua mgongo wake kwa bisibisi, akanionyesha fyuzi ndani, ndogo kama punje ya mpunga. Akaniambia kipimo kisicho na fyuzi nisikiguse hata nikipewa bure. Akanionyesha nyaya zake: nyembamba, kweli, lakini zimefunikwa mpaka karibu na ncha, na kidole hakifiki kwenye chuma. Akaniambia umeme wa nyumbani niupime kwenye alama ya mia saba na hamsini, si ya mia mbili, na kwamba siku nitakaposahau nitamkumbuka. Hiki hakilii, akasema, lakini kwa kazi ya nyumbani mtu ana macho. Kisha akatia betri, akachomeka vijiti viwili kwenye soketi ya ukutani. Kioo kikaandika 238, kikafikiri, kikaandika 241.

Siwezi kueleza raha niliyoiona. Umeme, kitu ambacho hakionekani na kilichokuwa kikimwinda mama yangu, ulikuwa umepewa nambari mbele ya macho yangu. Nikanunua cha manjano. Njiani nilikishika ndani ya mfuko wa shati na kukigusa mara kwa mara kuona kama bado kimo.

Nyumbani niligongomea msumari kwenye ufa wa sakafu penye maji, nikaweka kijiti kimoja hapo na kingine kwenye mfereji. Kioo kikaandika 64. Kikaandika 97. Kikaandika 112, kikatulia. Nikamwita mama aone. Akavaa miwani, akatazama, akauliza, "Hiyo ni nyingi?" Nikamwambia ni nyingi. "Nami sikusema?" akasema, akaenda zake jikoni.

Nikazima swichi kuu ya nyumba. Feni zikasimama, redio ikanyamaza, friji hatukuwa nayo. Nikapima tena. Mia na kumi na mbili. Nikakaa chini pale pale kwenye maji. Nyumba yetu haikuwa na umeme hata chembe, na mfereji wetu bado ulikuwa ukiuma. Bomba lile la chuma lilikuwa likipenya ukuta kutoka nyumba ya pili, maana zamani nyumba zile mbili zilikuwa za ndugu wawili na maji yao yalikuwa mamoja. Umeme ulikuwa ukitoka huko.

Sasa, jirani yetu wa nyumba ile alikuwa amefariki mwezi mmoja nyuma. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto, na kaka wa pekee wa mkewe alikuwa Uarabuni akitafuta maisha. Mjane alikuwa amekaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba yake, na mwanamume asiye maharimu wake hakanyagi humo. Si mimi, si fundi wa Tudor, si mtu wa kampuni ya umeme. Nilikuwa na kipimo, nilikuwa na nambari, na baina yangu na hitilafu yenyewe palikuwa na ukuta wa unene wa mkono mmoja.

Nikamwuliza mwalimu wa msikiti wetu. Akasema dharura ina hukumu yake, naweza kuingia mbele ya mwanamke mwingine, madhali mwenyewe ameridhia. Mama akaenda kumwuliza mjane. Alirudi upesi mno.

"Hataki," akasema. "Lakini mimi asema niende na hicho kidude chako."

Nilimfunza mama kupima kwa muda wa baina ya adhuhuri na alasiri. Mweusi mahali pake, mwekundu mahali pake, gurudumu kwenye mia saba na hamsini, vidole mbali na chuma. Alipima soketi zetu zote, na kila moja aliitangaza kama anayesoma matokeo ya uchaguzi. Nilipoona mkono wake hautetemeki nilijivuna. Akakifunga kipimo ndani ya leso, akatia na sahani ya mahamri juu yake, akavaa buibui, akatoka. Nikamngoja barazani.

"Sifuri," alisema aliporudi.

"Kwenye friji?" Nilijua mjane ana friji. Mumewe alimnunulia, na yeye alikuwa akigandisha barafu za ukwaju na ubuyu ndani ya vifuko, watoto wa mtaa wakizinunua kwa kubisha dirishani. Katika eda ile alikuwa hana chumo lingine.

"Kwenye friji sifuri, kwenye bomba sifuri."

Nikakijaribu kipimo kwenye soketi yetu: 240. Hakikuharibika. Nikapima mfereji wetu: sifuri nao! Kesho yake nilipotoka kazini nikapima: sifuri. Kesho kutwa: sifuri. Mama akasema alhamdulillahi, limekwisha. Nikajitafutia sababu, kama karani yeyote asiyependa faili iliyo wazi: mvua za masika zimepungua, ukuta umekauka. Kazini nilijigamba kwa wenzangu namna nilivyoutibu mfereji kwa kipimo cha bei nafuu. Mmoja wao, wa Ganjoni, akaja kukiazima. Nikamkatalia.

Miezi miwili nililala vizuri.

Kisha siku moja meli tuliyokuwa tukiingoja ikachelewa, tukaruhusiwa kurudi majumbani kabla ya adhuhuri. Niliingia kimya, viatu mkononi. Mlango wa bafuni ulikuwa wazi nusu. Mama alikuwa akitawadha. Nilimwona anaosha uso, anaosha mikono, anapaka maji kichwani. Akavua ndara. Akaupeleka mkono kwenye mfereji, nao ukarushwa nyuma kwa nguvu. Hakulia. Alifumba macho, akangoja, midomo ikicheza, kama mtu anayengoja gari lipite ili avuke. Kisha akaurudisha mkono akaosha mguu wa kulia. Halafu akajiandaa kwa wa kushoto.

Nilikichukua kipimo. Nikapima. Mia na kumi na nane.

"Tangu lini?" nikauliza.

Mama akavaa ndara zake. "Haujakoma."

Nilipandisha sauti kwa mama yangu siku ile, jambo ambalo sikulifanya kabla wala baada, na bado naona haya. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia yote, kwa utulivu, akikunja leso yake. Siku ile alipokwenda na kipimo, mjane alikuwa ameshazima swichi kuu. Walikaa wawili sebuleni, mama akaweka vijiti kwenye friji na kwenye bomba, akaona sifuri, na akajua sababu yake. Waya wa friji wa kumwaga ardhini umeme unaovuja aliufunga marehemu mwenyewe, kwa mikono yake, na mwisho wake akaufunga kwenye bomba la maji, kama walivyokuwa wakifanya wengi. Tangu hapo walipatana: mimi nikiwa nyumbani friji izimwe, nikienda kazini au nikilala iwashwe.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Mtu yuko edani," mama akasema. "Wataka niende nikamwambie, 'Mumeo alitutilia mauti ukutani'? Hebu mwache amlilie kwanza."

"Na moyo wako?"

"Moyo wangu ni wa Mungu."

Niliteremka nikaenda mlangoni kwa mjane. Nilisimama barazani, nikabisha hodi, nikasema nina maneno. Akaja nyuma ya pazia la mlango. Niliona ncha za vidole vya miguu yake tu, na mitalawanda ya kiume iliyomzidi. Nikamwomba radhi, nikamweleza kwa adabu yote niliyokuwa nayo: volti, bomba, moyo wa mama, uhai wake yeye. Nikamwambia nitamlipa fundi mimi. Nikamwambia akitaka nitamletea barafu kutoka bandarini kila siku mpaka eda iishe. Nilisema mno. Kila nilivyosema nilijisikia napungua.

"Mwanangu, nimekusikiza," akasema. "Nguo zake tumezitoa sadaka. Kitanda chake watu wake wamekichukua. Kilichobaki cha mkono wake ni ule waya. Ngojea nitoke edani, kisha uje uukate mbele yangu."

Ningeweza kulivuta pazia lile. Ningeweza kwenda kwa kampuni ya umeme waje wamkatie. Nilisimama nikiyawaza yote mawili mpaka mpita njia akanisalimu, nikaitikia, nikarudi kwetu.

Jambo nililoweza nililifanya kesho yake. Nilimleta fundi wa mabomba, akakata lile bomba la chuma upande wetu, mahali linapotokea ukutani, akaunga kipande cha plastiki cha urefu wa dhiraa moja. Umeme haupiti kwenye plastiki. Hilo hata mimi nililijua, na nilijilaumu kwa nini sikulijua miezi miwili nyuma. Nikapima. Kipimo kikaandika 2, kikaandika 1, kikaandika sifuri. Nikamwita mama. Nilikuwa karibu ya kulia kwa furaha.

Akavaa miwani, akaitazama sifuri ile kwa muda.

"Sasa ule uliokuwa ukija kwetu umekwenda wapi?" akauliza.

"Umebaki kwake."

Akaenda kupika.

Jumapili, adhana ya adhuhuri ilipotoka, nilimwona anavaa buibui. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kusali na mwenzake. Nikamwambia atawadhe kwanza hapa, mfereji wetu ni salama.

"Ntatawadha kwake."

"Mama, utakufa!"

"Na yeye akinaswa peke yake, nani atakayezima? Wewe huingii." Alinishika shavu kwa mkono ule ule uliokuwa ukirushwa na mfereji. "Yeye akinaswa ntazima mimi. Mimi nikinaswa atazima yeye."

Akateremka ngazi, hatua kwa hatua, kwa magoti yale. Nilisikia mlango wa jirani unafunguliwa na kufungwa. Zilikuwa zimebaki siku thelathini na nane za eda, na kila siku ina sala tano.

Niliingia bafuni kwetu. Sijui kwa nini nilikichukua kipimo. Nilichomeka kijiti kimoja kwenye msumari na kingine kwenye mfereji, nikasimama hivyo. Sifuri. Nyuma ya ukuta nilisikia sauti mbili zinasema bismillahi, moja baada ya nyingine, na maji yakafunguliwa. Sikuondoa macho kwenye ile sifuri mpaka niliposikia yamefungwa na mama anamwambia mwenzake asogee, sasa ni zamu yake mama.